Sensa ya Oksijeni Katika Motokaa: Tupime Kwanza, Tununue Baadaye

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa karakana)



Kamati imenitaka niseme machache juu ya kifaa kiitwacho sensa ya oksijeni. Wengi wetu tuna motokaa kuukuu za kutuleta kazini, na mshahara waweza kuliwa na taa moja ya manjano iwakayo mbele ya dereva.

Wazee waliochochea moto katika injini za mvuke walikuwa wakitazama moshi wa dohani. Ukiwa mweusi, walijua makaa ni mengi na hewa ni haba. Sensa hufanya kazi ya namna hiyo katika injini ya petroli. Imefungwa katika bomba la moshi, nayo huipasha habari kompyuta ya gari. Kompyuta huongeza au kupunguza petroli, ili kila kilo 1 ya petroli ipate kama kilo 14.7 za hewa. Kifaa hiki kilitengenezwa na Bosch, na Volvo ikaanza kukitia katika gari zake mwaka 1976.

Ndani ya sensa ya kawaida mna kigae kigumu cha zirkonia, kilichopakwa platinamu pande mbili. Upande mmoja hugusa moshi, wa pili hugusa hewa safi. Kikipata moto wa kama digrii 300, tofauti ya oksijeni huzaa umeme kidogo. Petroli ikizidi, utaona karibu volti 0.9, hewa ikizidi, karibu 0.1. Sensa ya mbele iliyo nzima hupanda na kushuka bila kutulia. Ikikwama mahali pamoja na injini ina moto, tuishuku, lakini tusiihukumu bado. Chomoa kidogo mpira mdogo wa hewa kwenye injini: volti zikishuka upesi, sensa ni nzima.

Gari nyingi zina sensa ya pili, nyuma ya kisafisha moshi. Hiyo yapasa kutulia. Ikiiga ile ya mbele, kilichochoka huenda ni kisafisha moshi.

Sasa, ibadilishwe lini? Zile za zamani zenye waya 1 au 2, zisizo na hita, huchoka kati ya kilomita 50,000 na 80,000. Zenye hita huweza kufika 160,000. Dalili ni petroli kwisha upesi, moshi mweusi, na injini kutetemeka gari likisimama. Oili inayoungua na maji ya rejeta yakivuja ndani huiua sensa. Ukifunga mpya bila kuponya ugonjwa huo, mpya nayo itakufa.

Mashine ya fundi ikionyesha P0171, maana yake ni kwamba hewa imezidi petroli. Haisemi sensa imekufa. Mwenzetu mmoja aliuziwa sensa mpya kwa namba hiyo, na taa ikawaka tena jioni ile ile. Kumbe ni mpira wa hewa uliopasuka. P0135 ndiyo ihusuyo hita ya sensa, na hata hapo tazameni fyuzi na waya kwanza.

Lakini iliyokufa kweli isiachwe. Petroli ikizidi siku nyingi, huunguza kisafisha moshi, na bei yake ni mara nyingi kuliko ya sensa.

Kwa hiyo, ndugu zangu, kabla ya kutoa shilingi mwambieni fundi, "Nionyeshe volti." Fundi wa kweli hatakasirika.