Mwanya Katika Fremu ya Gari

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Nilipoalikwa nilikusudia kuzungumza juu ya utumishi wa serikali. Lakini asubuhi Mkuu wa Shule alinionyesha mchoro wa kigari cha mashindano ambacho vijana wa klabu ya ufundi wanataka kukiunda kwa injini ya pikipiki. Ni mchoro safi sana. Ila nilipoutazama kwa makini niliona kwamba hakuna penye nafasi: kila kitu kimegusana na jirani yake. Basi nimeiweka kando hotuba ile nyingine, na sidhani kama yupo atakayeisikitikia.

Wenzangu wa bweni watakumbuka mlango wetu. Kiangazi ulifungika vizuri. Masika ulikwama, tukawa tunatokea dirishani. Fundi aliupima siku ya jua, akaukata ulingane kabisa na fremu yake. Mbao ilikuwa nzuri na kipimo kilikuwa sahihi. Kilichosahauliwa ni mwanya.

Mashindano ya wanafunzi ya kuunda magari yalianza Marekani, katika Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, mwaka 1981, kwa jina la Formula SAE. Uingereza waliyaanzisha mwaka 1998. Mimi niliyashiriki nilipokuwa nasoma uhandisi huko. Wanafunzi huunda gari dogo la kiti kimoja, nalo hukaguliwa kabla ya kuruhusiwa kukimbia. Nyuma ya kichwa cha dereva pana tao kuu la chuma, na mbele ya mikono yake pana tao jingine. Ukivuta mstari kutoka kilele cha tao kuu hadi kilele cha lile la mbele, helmeti ya dereva lazima iwe chini ya mstari huo kwa 50 mm. Gari likipinduka, nafasi hiyo ndiyo shingo yake. Tena dereva aliyefungwa mikanda lazima aweze kutoka katika muda wa sekunde 5, maana moto haungoji.

Katika mchoro wetu wa kompyuta dereva mrefu alikuwa chini ya mstari kwa 62 mm. Tukajiona wajanja. Fremu ilipokwisha kuchomelewa tulifunga uzi juu ya matao yale mawili, mwenzetu mrefu akaingia na helmeti yake, tukapima: 38 mm. Zile 24 zilikwenda wapi? Kiti pamoja na sifongo yake vilikula 15, kwa sababu katika mchoro tulimkalisha mtu juu ya hewa. Bamba la sakafu na vishikizo vyake, 5. Na joto la kuchomelea liliuvuta mwili wa fremu, kilele cha tao kikashuka 4. Hakuna kosa hata moja kati ya hayo lililokuwa kubwa. Tao kuu, kwa sheria, ni bomba moja lisilokatwa. Huwezi kuliongezea kipande. Kuunda jingine hatukuwa na muda.

Yule mwenzetu ndiye aliyechomelea viungo vingi vya fremu ile. Siku ya mashindano wengine waliendesha, yeye akasukuma gari kwenye foleni ya ukaguzi. Hakulalamika, nasi hatukujua la kumwambia.

Kwa hiyo, vijana, mwanya uchoreni tangu siku ya kwanza, kama mnavyochora bomba. Upeni kipimo na sababu. Mwanya wa dereva hupimwa kwa mtu mrefu kuliko wote, akiwa na viatu, ovaroli na helmeti. Mwanya wa kitu kinachotikisika hupimwa kitu kikiwa kimefika mwisho wa mwendo wake: gurudumu likiwa juu kabisa na usukani umekatwa hadi mwisho, maana gari lililosimama halionyeshi kitu. Bomba la moshi la chuma lenye urefu wa mita 1, likipata joto la nyuzi 500 zaidi, hurefuka yapata 6 mm. Likibanwa pande zote mbili litapasuka.

Pia upo mwanya wa mkono wa fundi, ambao wachoraji wengi huudharau. Sisi tulifunga injini kabla ya kuchomelea bomba la mwisho la pembeni. Baadaye ilipotaka kutolewa, bolti ndefu ya nyuma ilitoka nusu, ikagonga bomba lile. Tulilikata. Nati ya bolti ya 8 mm huchukua spana ya 13, na spana ya kawaida lazima izunguke nyuzi 60 ndipo ishike tena, au 30 ukiwa unaigeuza. Chora na spana.

Sasa ruhusa ya kipimo, yaani kiasi ambacho kipimo chaweza kukosea na kitu kikafaa bado. Kijana mwenye bidii hutaka kila kitu kiwe sawa kwa nusu milimita. Hiyo ni njia ya kuwachosha mafundi na kumaliza fedha. Mkipanga vipande kumi, kila kimoja kikikosea 1 mm, makosa yote yakielekea upande mmoja mtapata 10. Kwa kawaida mengine hufutana, yakabaki kama 3, lakini kwenye shingo ya mtu hesabuni zile 10. Tundu la 9 mm kwa bolti ya 8 latosha kabisa kushikia kifuniko. Kwenye mkono wa gurudumu halifai. Mchezo ule mdogo utakuwa mkubwa ukifika kwenye tairi, na gari litatangatanga barabarani. Sehemu hizo chache ndizo za kubania kipimo. Vishikizo vyake vichomelewe mwisho, fremu ikiwa imefungwa imara mezani na rodi moja iliyonyooka ikiwa imepitishwa katika matundu yote kwa pamoja. Penginepo wekeni matundu marefu na washa za kuongezea unene.

Nimeomba funguo za karakana. Baada ya chakula tutachora fremu yenu kwa chaki sakafuni, kwa ukubwa wake halisi, na kusimamisha matao kwa fito. Uzi ninao. Aliye mrefu kuliko wote katika Kidato cha Sita aje na viatu vyake, na ndugu yeyote aliyekuja kwa pikipiki atuazime helmeti.