Kifaranga Hunywa Kabla ya Kula

(Mazungumzo ya mfanyakazi wa maendeleo ya jamii kwa mkutano wa vikundi vya kujisaidia, Kericho na Bomet)

Nimeombwa niseme juu ya kuku. Lakini mambo ya kuku ni mengi, na mvua yetu ya mchana mnaijua, haingoji mtu. Kwa hivyo nitasema jambo moja tu: maji ya kunywa ya vifaranga.

Nianze na kosa langu. Miaka ya nyuma nilisaidia kikundi kimoja cha akina mama kununua vifaranga 100 wa siku moja. Pesa ilitoka kwa mchango wa kila wiki, na nyingine kwa bonasi ya chai. Mimi niliwaletea karai, nikalijaza maji, nikaenda zangu. Kesho yake akina mama waliamkia chai kama kawaida. Waliporudi kutoka kituo cha kuuzia majani, wengine walikuwa wamezama, wengine wamelowa na kurundikana pembeni kwa baridi. Siku ya nne walibaki 58. Watu walisema ni ugonjwa. Wengine wakaanza kumtazama vibaya mama mwenye banda. Haukuwa ugonjwa, wala halikuwa kosa lake. Lilikuwa lile karai, na karai nililileta mimi.

Sasa, kwa nini maji? Kifaranga akianguliwa hubaki na kiini cha yai tumboni. Ndiyo sababu anaweza kusafirishwa siku moja au mbili bila kula. Lakini safarini mwili wake unakauka. Akifika, mpe maji kwanza, chakula kifuate baadaye kidogo. Chukua wachache, mmoja mmoja, uchovye ncha ya mdomo ndani ya maji, lakini usizamishe pua. Hao wakijua, wengine wataiga. Kifaranga hunywa karibu mara mbili ya uzito wa chakula anachokula. Akikosa maji, hata chakula anakiacha.

La pili ni baridi. Sisi huku Kericho tuko kama mita 2,000 juu ya bahari. Maji ya tangi asubuhi yanakufa ganzi mkono, si ndiyo? Kifaranga hawezi kujipasha joto mwenyewe siku za kwanza. Changanya na maji ya birika mpaka ukitia kidole usisikie baridi wala moto.

La tatu ni chombo. Usinunue. Chukua mkebe mtupu na sahani pana kuliko mkebe. Toboa tundu dogo karibu na mdomo wa mkebe. Jaza maji, funika na sahani, kisha pindua vyote pamoja haraka. Maji yatatoka kidogo kidogo jinsi wanavyokunywa. Lakini angalia: tundu liwe chini ya ukingo wa sahani. Likiwa juu, maji yote yatamwagika. Panga vijiwe safi kwenye sahani ili wasiingie ndani. Kiweke juu ya tofali au kibao, kisijae maranda. Vifaranga 50 wawe na vyombo viwili. Wiki ya kwanza watakunywa kama lita moja kwa siku, basi. Hakuna mtu hapa anayeshindwa na lita moja.

La nne ni usafi. Osha chombo asubuhi na jioni. Maji ya mto au kisima yachemshe, yapoe. Maranda yakilowa, yatoe siku hiyo hiyo, kwa maana hapo ndipo ugonjwa wa kuhara damu unapozaliana. Na siku ya chanjo ya Newcastle inayotiwa majini, usitumie maji yaliyowekwa dawa ya kuua viini. Dawa hiyo itaua na chanjo.

Anayefuga kwa kuku mama asijisahau. Sufuria la mama ni bwawa kwa mtoto. Weka vijiwe.

La mwisho ndilo gumu: ni nani atakayetazama maji wakati nyote mko kwenye chai? Kikundi kile kiliandika zamu. Mmoja asubuhi, mmoja saa sita, mmoja jioni, na jina likawekwa ukutani. Mwaka uliofuata walinunua vifaranga 50, wakafa watatu tu. Banda lilikuwa la mama yule yule.

Maswali ya kujadiliana kikundini:

1. Vifaranga wetu waliokufa mwaka jana, tulichunguza chanzo au tulilaumu mtu?
2. Ni nani anabaki nyumbani siku ya kuchuma chai, na tumemwonyesha kazi?
3. Kila mmoja atengeneze chombo chake cha mkebe, akilete mkutano ujao tukijaribu kwa maji.