MASHINDANO YA NYIMBO YA TELEVISHENI NA KIJANA WA SONGEA
(Hotuba ya mwanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka)



Nimeombwa niseme machache juu ya mashindano ya nyimbo ya televisheni. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha nne ameniuliza kama aache masomo aende Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900, akajaribu sauti yake. Swali hilo si la mzaha, nami sitalijibu kwa mzaha.

Kushindana kwa nyimbo si jambo geni kwetu. Vikundi vya mganda vya kando ya Ziwa Nyasa vilishindana, na huko pwani wapiga beni waligawanyika Marini na Arinoti. Lililo jipya ni televisheni, ambayo huku Bara ilianza mwaka 1994. Mwaka 2006 Tusker Project Fame ilianza Nairobi, na katika miaka hiyo hiyo Bongo Star Search ya Rita Paulsen ikaanza hapa nyumbani. Kijana asiye na jina wala mjomba redioni akaweza kujulikana nchi nzima kwa majuma machache. Faida hiyo ni kubwa, tusiibeze.

Lakini kujulikana ni kitu kimoja, na kudumu ni kingine. Mwaka 2010 Peter Msechu alishika nafasi ya pili katika Tusker Project Fame, nyuma ya Davis Ntare wa Uganda. Hata hivyo jina lake halikupotea. Kala Jeremiah alipita Bongo Star Search bila kutwaa ushindi, akaja kutambulika kwa mashairi yake mwenyewe. Huko Marekani, Jennifer Hudson alitolewa katika American Idol mwaka 2004, na mwaka 2007 akapewa tuzo ya Oscar.

Sababu yake ni nini? Katika mashindano hayo kijana huimba zaidi nyimbo za watu wengine. Kura za simu nazo hupima mapenzi na salio la watazamaji pamoja na sauti. Msimu ukiisha, wenye kipindi hutafuta sura mpya. Anayebaki ni yule mwenye nyimbo zake, anayejua kupiga chombo, na anayesoma mkataba kabla ya kutia saini. Mimi mtumishi wa serikali nashinda na makaratasi. Nawaambieni, mstari mmoja usiosomwa waweza kula jasho la miaka mingi.

Basi mdogo wangu, jibu langu ni hili: fanya mtihani wako kwanza, kisha nenda. Hicho cheti hakitaikausha sauti yako, nacho kitakusaidia kuuelewa huo mkataba. Wakati huo huo andika nyimbo zako, uziandikishe COSOTA, kwa maana Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 ipo kwa ajili yako pia.

Nanyi kaka zangu, tusiishie kutoa nasaha. Naomba tuchange magitaa mawili na kinanda kimoja kwa ajili ya shule, na wanasheria waliomo humu waje mara moja kwa mwaka kuwafundisha vijana kusoma mkataba. Mchango wangu nimekwisha kumkabidhi mweka hazina.