Kabla Hujawasha, Tazama Stempu

 Pwani yetu, kuanzia Bagamoyo na Mlingotini hadi Mbweni, ina bandari bubu, na magendo hushushwa humo usiku bila ushuru. Ukiuziwa sigara kwa bei ya kutupa, jiulize imepitia wapi. Tangu Januari 2019 pakiti halali hubandikwa stempu ya kielektroniki ya Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Ihakiki kwa simu, kwa programu ya Hakiki Stempu. Shida ni kwamba wengi wetu hununua moja moja, pakiti hatuioni. Mwombe muuzaji akuonyeshe. Na tusidanganyane, ndugu zangu: yenye stempu nayo inaua. Lakini kodi huipandisha bei, na bei humzuia kijana asianze. Ya magendo, isiyolipiwa kodi, humfikia kwa sarafu chache tu.