Mtoto Kalala, Ubuyu Jikoni

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama aliyeajiriwa Tanzania likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, au 100 akijifungua mapacha. Mama lishe na fundi cherehani aliyejiajiri hawana mwajiri wa kuwalipa siku hizo.

Ndiyo maana wengi huanzisha biashara hapo hapo nyumbani. Ubuyu unawafaa: hauharibiki upesi, wala hauna saa yake ya kuuzwa kama chapati za asubuhi. Mtoto akilala, mama huchemsha sukari, maji, rangi na iliki, humimina ubuyu, kisha hugeuza kwa mwiko mpaka shira ishike kila punje. Kufunga vifuko kunaweza kukatizwa na kilio. Shira iliyo motoni haisubiri. Na mtoto asibebwe mgongoni wakati huo, maana shira ikiruka huganda kwenye ngozi na kuunguza vibaya.

Anayehesabu faida bila kutoa gharama ya mkaa na vocha ya simu anajidanganya.

Msikilizaji, kuhusu mtaji, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 4 ni ya wanawake. Mkiwa kikundi, anzieni kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata yenu.