Kidole, Kifyatulio na Programu: Bunduki za Rangi Mbele ya Sheria ya Silaha ya Uingereza



Mada hii ilipotangazwa, mwenzangu mmoja aliniuliza kama nimeishiwa na kazi. Profesa mzima wa sheria asimame hapa kuzungumzia watu wazima wanaokimbizana msituni na kupakana rangi! Nilimjibu kwamba kifungu nitakachokichambua jioni hii kinaweza kumpeleka mtu gerezani miaka mitano, na kwamba jibu linategemea jambo ambalo hakuna mbunge aliyelifikiria kilipoandikwa: ni kidole kilichofyatua, au ni programu?

Mchezo wenyewe wa peintiboli si wa zamani. Mashindano ya kwanza yalichezwa tarehe 27 Juni 1981 huko Henniker, New Hampshire, na wachezaji 12. Walitumia bastola ya Nel-Spot 007, ambayo wasimamizi wa misitu na wafugaji walikuwa nayo kwa ajili ya kutia alama miti na ng'ombe. Ilifyatua tembe moja ya rangi, kisha ikabidi uikoki upya kwa mkono. Sheria haikuwa na la kusema kuhusu kasi, kwa sababu kasi haikuwapo.

Leo mambo ni mengine. Katika bunduki ya rangi ya kielektroniki, kifyatulio hakigusi vali ya gesi hata kidogo. Kinabonyeza swichi ndogo, swichi inapeleka ishara kwenye bodi, na bodi inaamua vali ifunguke lini na mara ngapi. Kidole kinaomba; bodi ndiyo inayotoa.

Tuanze na swali la awali: je, hiyo ni silaha ya moto? Sheria ya Silaha za Moto ya mwaka 1968, kifungu cha 57, inataja chombo chenye mtutu, kiwezacho kuua, kinachotoa risasi au kitu kingine chochote cha kurushwa. Wanasheria wa Kenya watayatambua maneno hayo, maana Sura ya 114 ya sheria zao imeyarithi karibu neno kwa neno. Kwa miaka mingi mahakama ziliamua zenyewe nini maana ya kuweza kuua, na katika shauri moja la mwaka 1960 bunduki ya hewa iliyouzwa kwa mtoto iliingizwa humo. Tume ya Sheria ilipendekeza kipimo cha namba mwaka 2015, Bunge likakipitisha katika Sheria ya Polisi na Uhalifu ya 2017: kitu kikitoka mtutuni na nishati inayozidi juli 1, chombo kinahesabiwa kuwa kinaweza kuua.

Sasa tupige hesabu. Tembe ya rangi ina uzito wa gramu 3 hivi. Ikitoka kwa futi 300 kwa sekunde, kasi ambayo viwanja vingi huifanya kikomo, ni kama mita 91 kwa sekunde, na nishati yake inafika juli 12 na nusu. Mtu anaweza kudai kwamba ganda laini linalopasuka halifanani na risasi. Hoja hiyo ina uzito wa kitabibu, lakini maandishi ya 2017 yanapima nishati mtutuni, hayaulizi kitu kinatua vipi.

Kuingia katika tafsiri hiyo bado si maafa. Bunduki ya hewa isiyozidi futi-ratili 12, au bastola ya hewa isiyozidi futi-ratili 6, haihitaji cheti nchini Uingereza na Wales. Na hewa ni nini? Mwaka 1987 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kabonidioksidi si hewa, kwa hiyo bastola iliyotumia gesi hiyo haikupata msamaha wa bunduki za hewa. Kikemia uamuzi haukuwa na dosari. Kwa mchezo ambao wakati huo ulitegemea mitungi ya gesi hiyo, ulikuwa kitanzi. Kitanzi kililegezwa na sheria ya 1997, ile iliyofuata mauaji ya Dunblane, ambayo katikati ya makatazo yake makali iliingiza kifungu kidogo kikisema kabonidioksidi ichukuliwe sawa na hewa.

Hapa ndipo msikilizaji makini ataona mtego. Msamaha wa bunduki ya hewa haumfikii mwenye silaha inayoangukia kifungu cha 5(1), orodha ya zilizopigwa marufuku. Aya ya (ac) ya orodha hiyo, inayohusu bunduki fupi zinazojipakia zenyewe, imezitoa nje silaha za hewa kwa kuzitaja. Aya ya (a) haikufanya hivyo.

Aya ya (a) ina historia inayostahili muda wetu. Maneno ya 1968, yaliyotoka katika sheria ya 1937, yalizungumzia bunduki ambayo ukishikilia kifyatulio inaendelea kufyatua mpaka uachie au risasi ziishe. Ni picha ya bombomu la vita. Baada ya mauaji ya Hungerford, Agosti 1987, Bunge liliandika upya mwaka 1988: ni marufuku silaha yoyote iliyobuniwa au kubadilishwa hivi kwamba vitu viwili au zaidi vinaweza kutoka kwa kufuatana bila kifyatulio kubonyezwa tena. Silaha inayotoa mkupuo wa tatu kisha ikajizima ingeweza kujitetea chini ya maneno ya zamani. Chini ya mapya haina pa kujificha.

Tuipitishe mitindo ya bunduki za rangi chini ya maneno hayo. Mbonyezo mmoja, tembe moja: salama. Otomatiki kamili na mkupuo: marufuku, hakuna mjadala. Mtindo wa mwitikio, ambao tembe ya kwanza hutoka ukibonyeza na ya pili ukiachia, ungepita mtihani wa 1968 bila jasho, maana ukishikilia kifyatulio hakuna tembe inayoendelea kutoka. Mtihani wa 1988 unaukamata: tembe ya pili imetoka bila mbonyezo wa pili.

Kisha kuna ule mtindo ambao wachezaji huuita rampingi. Unabonyeza haraka, tuseme mara tano kwa sekunde, na bodi ikishaona umeshika mwendo huo inapandisha hadi tembe kumi au zaidi. Ukiacha kubonyeza, inakoma. Watetezi wake husema kifyatulio kinabonyezwa tena na tena, basi sheria imetimizwa. Sikubaliani nao. Kati ya mbonyezo wa sita na wa saba zimetoka tembe mbili, na ile ya pili haina mbonyezo wake. Sheria haiulizi kama mchezaji anabonyeza mara nyingi katika mchezo. Inauliza kama vitu viwili vinaweza kufuatana bila kidole kurudi kazini.

Neno zito zaidi humo ni *vinaweza*. Bodi nyingi hubeba mitindo yote katika menyu moja, na mtindo wa mashindano hufungwa kwa kitufe kilichofichwa ndani ya mshikio. Mwenye bunduki akisema hajawahi kufungua menyu hiyo, amejibu swali ambalo hakuulizwa. Hata mpangilio wa kuchuja mitetemo ya swichi unatosha kuleta matata: ukishushwa mno, swichi inaruka na mguso mmoja unasomwa kama miwili. Fundi aliyefanya hivyo kwa makusudi ameibadilisha silaha.

Na kutojua hakumsaidii. Mwaka 1990 Mahakama ya Rufani ilithibitisha kwamba kifungu cha 5 hakidai dhamira. Mwaka 2007 ilithibitisha hatia ya washtakiwa waliosema waliamini kifaa cha shoti ya umeme walichokutwa nacho ni tochi. Kwa silaha ya aya ya (a), mtu mzima anakabiliwa na kifungo kisichopungua miaka mitano, isipokuwa jaji aone mazingira ya kipekee. Sitarajii jaji mwenye busara amfunge kijana miaka mitano kwa menyu ya bodi. Lakini sheria inayotegemea huruma ya jaji ili isitoe matokeo ya kipuuzi imeandikwa vibaya.

Linalonikera ni kwamba mwaka 2017 Bunge lilikuwa na kalamu mkononi. Lilizitungia kifungu bunduki za airsoft, zinazorusha vijiduara vya plastiki visivyozidi milimita 8: juli 1.3 kama zinafyatua kiotomatiki, juli 2.5 kama sivyo. Yaani lilikubali kwamba otomatiki katika mchezo inaweza kuwekewa kikomo badala ya kupigwa marufuku. Tembe ya rangi ina kipenyo cha milimita 17 na ganda la jelatini, kwa hiyo haiingii katika plastiki wala katika milimita 8. Aya moja ingetosha: tembe inayopasuka, kikomo cha nishati, na idadi ya juu ya tembe kwa sekunde. Vyombo vya kupimia havihitaji kubuniwa, kwani uwanja wowote wa maana hupima kasi ya kila bunduki kwa kronografu kabla mchezaji hajaingia.