KAMERA IONAYO YASIYOONEKANA
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mafunzo ya chama)



Fundi mzee wa mitambo huweka ncha ya bisibisi juu ya beringi, akatega sikio kwenye mpini, naye hujua kama mashine ni nzima au ina ugonjwa. Jicho lake halioni kitu, maana mtikisiko wenyewe ni mdogo mno. Leo twataka kuwaelezeni kazi mpya iufanyayo mtikisiko ule uonekane kwa macho. Kazi hii imekwisha kuingia viwandani katika nchi nyingine, na yafaa ikija kwetu itukute tuko tayari.

Mwaka 2012 wataalamu wa chuo cha MIT huko Marekani, wakiwamo William Freeman na Frédo Durand, walitangaza njia yao. Hawakutengeneza kamera mpya. Walichukua vidio ya kawaida wakaitia katika kompyuta. Kila picha ya vidio ni nukta nyingi ndogo ndogo. Kompyuta huitazama kila nukta tangu picha ya kwanza hata ya mwisho, ikapima rangi yake inavyozidi na kupungua. Kisha huchagua mabadiliko yale tu yanayokwenda kwa mwendo unaotakiwa, huyakuza, hata mara 100, na kuyarudisha katika picha. Ndipo uso wa mtu aliyeketi kimya huonekana ukikolea rangi na kufifia kwa kila pigo la moyo, kwa kuwa damu iingiapo usoni hubadili rangi ya ngozi kidogo sana.

Kwa mashine ni vivyo hivyo. Ukikuza picha ya pampu, waweza kuona mguu mmoja ukiruka kwa sababu bolti imelegea, au bomba likiyumba mahali lilipodhaniwa limeshikwa imara. Mtu akiiona hatari hii mapema, huenda akaokoa mkono wa mwenzetu, au maisha yake.

Lakini ndugu, tusidanganyike. Kamera ipigayo picha 30 kwa sekunde haiwezi kuonyesha sawasawa mtikisiko unaozidi mara 15 kwa sekunde. Mota izungukayo mara 1,500 kwa dakika huzunguka mara 25 kila sekunde, basi yahitaji kamera ya kasi zaidi. Tena kompyuta hukuza na makosa pia: kamera ikitikisika, au taa zikipepesa, hayo nayo yatakuzwa. Na picha haikazi bolti. Fundi bado atahitajiwa.

Sasa tuje kwenye jambo linalotuhusu zaidi. Kamera iliyowekwa kuangalia pampu, ikigeuzwa kidogo, humkuta mtu. Mwaka 2014 wataalamu wa chuo kile kile walipiga vidio ya mfuko wa krispi kwa kamera ya kasi, kupitia kioo kisichopitisha sauti, wakapata maneno yaliyosemwa karibu nao, kwa sababu sauti huutikisa mfuko. Hatusemi kwamba mwajiri fulani afanya hivyo. Twasema yawezekana. Je, mwajiri akijua moyo wa mtu wapigaje, atamwita mgonjwa na kumwondoa kazini?

Sheria iko upande wetu. Katiba ya 2010, kifungu cha 31, yalinda faragha ya kila mtu, na kifungu cha 41 chakipa chama haki ya kujadiliana na waajiri. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 yahesabu habari za afya ya mtu kuwa ni habari nyeti. Lakini sheria isiyodaiwa hulala.

Basi twaomba matawi yote yaweke mambo matatu katika mapatano yajayo. Kwanza, kamera ielekezwe kwenye mashine, na wafanya kazi waambiwe kabla ya kuwekwa. Pili, mwakilishi wetu aonyeshwe picha hizo, na mashine ikionekana ina hatari, isimamishwe mpaka itengenezwe. Tatu, asipimwe mtu mapigo ya moyo bila ridhaa yake, wala picha hizo zisitumiwe kumwadhibu.

Hatukipingi chombo hiki. Twataka kichunguze ugonjwa wa mashine, kisichungulie mwili wa mfanya kazi. Tuyadai hayo sasa, kabla kamera haijafungwa ukutani.